Kupeleka setilaiti kwenye miezi ya Jool: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jioni baada ya maghribi, vijana sita saba hukusanyika kwenye duka letu la kompyuta hapa Malindi kucheza Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kujenga roketi na kuzirusha angani. Mtu akishafika Mun na Minmus, miezi miwili ya sayari ya nyumbani iitwayo Kerbin, moyo wake unahamia Jool, na hapo maswali huanza. Ni yale yale, wiki baada ya wiki, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Namba zote ni za mchezo wenyewe, bila nyongeza za watu wengine.

## Mambo ya msingi

Jool ni nini, na ina miezi mingapi?

Jool ni sayari kubwa ya gesi, ya kijani, isiyo na ardhi ya kutua. Nusu kipenyo chake ni kilomita 6,000, mara kumi ya Kerbin, na hewa yake inapanda kilomita 200 juu. Ina miezi mitano. Ukianzia ndani kwenda nje ni Laythe, Vall, Tylo, Bop na Pol.

Ile mitatu ya ndani inakwenda kwa mpangilio: Laythe ikizunguka mara nne, Vall inazunguka mara mbili na Tylo mara moja. Io, Europa na Ganymede za Jupita zina mpangilio huo huo. Bop na Pol ni vijiwe vidogo vya mbali, na njia zake zimepinda na kuinama. Vina swali lake huko chini.

Kwa nini nianze na setilaiti? Mbona nisipeleke chombo cha kutua moja kwa moja?

Kwa sababu chombo kisicho na rubani, kikikosa mawimbi, ni bubu na kiziwi. Jool ni kubwa, na kila mwezi ukipita nyuma yake Kerbin haionekani tena. Unaweza kuwa umefika Vall salama salimini, umebakiza mwasho mmoja tu wa injini kuingia kwenye mzingo (njia ya kuuzunguka mwezi), na mawimbi yakakatika dakika hiyo hiyo.

Ushauri wangu haujawahi kubadilika: chombo cha kwanza kufika Jool kiwe cha mawasiliano. Picha, sayansi, kandarasi (kazi za malipo ambazo mchezo unakupa) na watu vifuate baadaye. Walionisikiliza walitumia msimu mmoja zaidi lakini hawakupoteza kitu. Ambao hawakunisikiliza, wengi wao walirusha mara mbili.

Mchezo huu una uhusiano wowote na zile nguzo za baharini Ngomeni?

Mchezo wenyewe hauna, lakini swali ni zuri na nafurahi kila mtoto anapoliuliza. Zile ni nguzo za San Marco, za Waitaliano. Roketi za Scout zilirushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Urushaji wa mwisho ulikuwa Machi 1988.

Walichagua pwani yetu kwa sababu iko karibu na ikweta. Roketi ikielekezwa mashariki, dunia yenyewe inaisukuma kwa mzunguko wake, na bahari iliyo mbele haina nyumba ya mtu. Kituo cha kurushia kwenye mchezo nacho kiko karibu kabisa na ikweta ya Kerbin, na mzunguko wa Kerbin unakupa takriban mita 175 kwa sekunde za bure. Ndiyo maana tunaelekea mashariki kila tunaporuka.

## Safari yenyewe

Niondoke lini?

Hili ndilo swali kubwa, na mtu wa pwani asihangaike nalo, maana babu zetu waliishi kwa jibu lake. Jahazi haliendi Arabuni siku yoyote nahodha anayotaka. Linangoja kusi, na kurudi linangoja kaskazi. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498 alipewa rubani aliyejua misimu, akavuka hadi Calicut kwa muda usiofika mwezi. Wakati wa kurudi hakungoja. Alitoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijatulia, akafika tena Malindi Januari 1499 baada ya miezi mitatu, mabaharia wake wengi wamekufa kwa kiseyeye. Bahari ilikuwa ile ile na umbali ule ule, ila msimu haukuwa wake.

Jool nayo ina msimu. Unaondoka pale ambapo Jool iko mbele ya Kerbin kwa pembe ya nyuzi 96 au 97, ukipimia kwenye jua lao, Kerbol. Nafasi hiyo hurudi kila baada ya siku 467 za Kerbin (siku ya huko ni saa 6), yaani zaidi kidogo ya mwaka wao mmoja. Safari yenyewe huchukua karibu siku 1,120.

Tangu toleo la 1.12 la mwaka 2021, mchezo una saa ya kengele na kifaa cha kupanga safari, kwa hiyo mashine inaweza kukutafutia tarehe. Lakini mmoja wa vijana wetu, mashine yake ikiwa na toleo la zamani, anapima kwa daftari. Anafungua ramani, anaitazama kutoka juu kabisa, anaweka kona ya daftari kwenye kioo pale palipo na jua, upande mmoja ukipita Kerbin. Jool ikionekana imeipita kona kwa upana wa kidole, anajua msimu umefika. Nimemwona akifanya hivyo mara tatu na mara zote alifika.

Ninahitaji delta-v kiasi gani?

Kwa asiyelijua neno hilo: ni akiba ya mwendo, yaani jumla ya mabadiliko ya kasi ambayo mafuta yako yanaweza kununua. Kuingia mzingo wa chini wa Kerbin kunakula kama mita 3,400 kwa sekunde. Kutoka hapo kuelekea Jool, weka 2,000. Marekebisho ya njiani, weka 100. Kusimama Jool kunategemea mbinu utakayotumia (tazama swali linalofuata). Baada ya hapo, kwa kutembea kati ya miezi, mimi sikubali mtu aondoke dukani na chini ya 2,000 za ziada. Huko hakuna kituo cha mafuta.

Nikifika Jool nisimame vipi bila kumaliza mafuta?

Washa injini ukiwa chini kabisa. Watu wengi hawaamini hili mpaka walione. Ukiwa na kasi kubwa karibu na sayari, kila tone la mafuta linafanya kazi kubwa zaidi kuliko ukiwa mbali.

Chukua mfano wa setilaiti unayotaka ikae kilomita 88,000 kutoka kitovu cha Jool. Ukisimama palepale moja kwa moja unalipa karibu mita 1,290 kwa sekunde. Lakini ukishuka kwanza hadi juu kidogo ya hewa ya Jool, unawasha injini kwa mita 175 hivi, tayari umenaswa kwenye mzingo mrefu unaopanda hadi kilomita milioni 2. Kule juu unaongeza mita 80 kuinua nukta ya chini ifike 88,000, kisha ukirudi pale unapunguza karibu 690. Jumla haifiki 1,000. Unachokilipa ni muda, siku mia kadhaa za kungoja, na kwenye mchezo muda unaharakishwa kwa kubonyeza kitufe.

Kama unataka mzingo unaopita juu ya ncha za Jool, usigeuze ukishafika. Rekebisha ungali mbali, kabla hujaingia eneo la mvuto wa Jool. Kule mwasho mdogo unahamisha njia yako kutoka ikweta hadi juu ya ncha.

Siwezi kutumia hewa ya Jool kujifungia breki?

Utaungua. Kasi ya kupita pale chini ni karibu mita 9,700 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.0 la mwaka 2015 joto la hewa halina mchezo. Antena na paneli zinatangulia kukatika. Hewa ya Laythe ni ya upole zaidi, ina kimo cha kilomita 50, na kwa chombo chenye ngao ya joto inafaa. Setilaiti ya kawaida isiende huko.

Nimesikia Tylo inaweza kukusimamisha bure. Ni kweli?

Ni kweli, na ni raha kuiona. Tylo ni kubwa kama Kerbin kwa nusu kipenyo, na haina hewa, kwa hiyo unaweza kupita karibu nayo sana. Ukipita mbele yake, upande inakoelekea, inakupokonya kasi, na ukipanga vizuri unanaswa na Jool bila kuwasha injini. Ukipita nyuma yake inakuongezea kasi na kukutupa nje. Anayejifunza ajaribu kwa kuhifadhi mchezo kwanza (F5), kwa sababu kosa dogo la mbali linakuwa kubwa ukifika.

## Mawasiliano

Antena gani inafika Kerbin kutoka Jool?

Umbali kati ya Kerbin na Jool hucheza kati ya kilomita milioni 52 na milioni 86. Masafa ya antena mbili ni kipeuo cha pili cha zao la nguvu zake. Kituo cha ufuatiliaji kilichoko Kerbin, kikiwa daraja la tatu, kina nguvu ya milioni 250. Antena ya RA-100 ina milioni 100, kwa hiyo pamoja vinafika kilomita milioni 158. Hapo umelala usingizi.

RA-15 moja inafika milioni 61 tu. Itakupa mawimbi wakati Jool iko karibu, kisha itanyamaza miezi na miezi. Ukiwa hujafungua RA-100, funga RA-15 nne kwenye chombo kimoja. Nguvu zake zinajumlishwa kwa hesabu ya kupungua, na nne zinafika kama milioni 103. Kumbuka pia kituo chako: kikiwa daraja la pili, hata RA-100 inaishia karibu milioni 71.

Communotron 88-88 ina nguvu sawa na RA-100 na ni nyepesi, lakini inasema yenyewe tu, haipokezi ujumbe wa wengine. Kila wiki kuna mtu anakosea hapa. Kwa setilaiti za kupokezana, yaani rilei, herufi RA au HG-5 ndizo za kutafuta.

Nizipange wapi setilaiti za rilei?

Kati ya Tylo na Bop kuna uwazi. Mvuto wa Tylo unafika hadi kilomita 79,400 kutoka kitovu cha Jool, na Bop ikisogea karibu kabisa inafika 98,300. Mimi huweka rilei tatu kwenye 88,000, sawa na kimo cha kilomita 82,000 kwenye kipimo cha mchezo, zikipita juu ya ncha. Mzunguko mmoja ni kama siku 14 za Kerbin. Hakuna mwezi unaozigusa, zinaonana zenyewe kwa zenyewe, na angalau moja inaiona Kerbin kila wakati.

Kutoka pale, setilaiti ndogo ya Laythe, Vall au Tylo yenye Communotron 16 tu inasikika, kwa kuwa antena hiyo na RA-100 zinafikiana kilomita 223,000. Kwa Bop na Pol umbali unaweza kuzidi hapo, kwa hiyo wape HG-5, ambayo inafika kama 707,000.

Nizitenganishe vipi zikae kwa umbali sawa?

Zote tatu zibebwe na chombo kimoja. Kiweke chombo hicho kwenye mzingo ambao nukta yake ya chini ni kimo cha kilomita 82,000 na ya juu ni kimo cha 119,200. Muda wake ni theluthi nne za muda wa mzingo unaoutaka. Kila ukifika nukta ya chini, achia setilaiti moja na uifanye mzingo wake uwe duara. Chombo kikirudi pale, ya kwanza imeshatangulia theluthi moja ya njia. Achia ya pili, ngoja, achia ya tatu.

Mwishoni, usishughulike na kimo, linganisha muda wa mzunguko hadi sekunde. Punguza nguvu ya injini kwenye menyu yake hadi chini kabisa na uguse kidogo kidogo. Tofauti ya dakika moja leo ni rilei mbili zinazofuatana kama kumbikumbi baada ya miaka.

Mawimbi yamekatika nikiwa katikati ya mwasho. Nimepoteza chombo?

Kwa mipangilio ya kawaida, hapana. Unabaki na udhibiti nusu: injini inawaka yote au inazimika yote, na huwezi kupanga nodi mpya (alama ya mwasho ujao) kwenye ramani. Kwa hiyo panga nodi zako zote mapema, ungali na mawimbi. Kwa mpangilio mgumu unaodai mawimbi kwa kila kitu, chombo hakikusikii kabisa mpaka kitokee upande wa pili.

## Umeme

Paneli za sola zinafanya kazi kule?

Zinafanya, lakini mwanga unaofika Jool ni kama asilimia 4 ya ule wa Kerbin. Paneli kubwa ya Gigantor inayotoa chaji 24.4 kwa sekunde nyumbani, kule inatoa karibu 1. PB-NUK, betri ya nyuklia, inatoa 0.8 popote ulipo, kivulini au juani, ila bei yake inauma kwenye mchezo wa kandarasi. Kwa rilei nalipa PB-NUK bila kubishana, maana rilei ikizimika zote zinazimika. Kwa setilaiti ndogo za miezi, sola pamoja na betri za kutosha zinatosha.

Betri za kutosha ni kiasi gani?

Hapa nilipata somo langu. Nilipima betri kwa kivuli cha Jool pale Laythe: Laythe inakaa kivulini kama dakika 62 kila mzunguko, na chombo kinachokula chaji 0.05 kwa sekunde kinahitaji karibu 190. Nikaweka 200, nikaridhika, nikatuma setilaiti pacha Laythe na Vall. Ya Laythe ilinusurika. Ya Vall ilizimika mzunguko wa kwanza, na kwa kuwa ilizimika paneli zikiwa zimeelekeza ubavu kwa jua, haikuamka tena.

Nilidhani mwezi wa mbali zaidi una kivuli kifupi zaidi. Kinyume chake. Mwezi wa mbali unatembea polepole, kwa hiyo unachelewa kutoka kivulini: Vall kama dakika 78, Tylo kama dakika 99. Ongeza kivuli cha mwezi wenyewe unaouzunguka, kisha zidisha jibu mara mbili. Betri ni nyepesi.

## Kandarasi

Setilaiti iko kwenye mstari kabisa lakini kandarasi haikubali. Kwa nini?

Kagua haya kwa mpangilio. Setilaiti iwe imerushwa baada ya kukubali kandarasi, isiwe ya zamani uliyoihamisha. Iwe na antena na kitu cha kuzalisha umeme, maana betri peke yake haihesabiki. Injini iwe imezimwa na chombo kitulie sekunde 10.

Yote yakiwa sawa, angalia mwelekeo. Kwenye ramani kuna vidoto vinavyotembea kwenye mstari wa mzingo unaotakiwa. Vikienda kinyume na wewe, uko kwenye mzingo sahihi kwa upande usio sahihi, na kugeuza ukiwa chini ya Tylo ni gharama ya safari nyingine nzima. Vitazame vidoto hivyo kabla ya kuingia, ungali mbali.

Bop na Pol zinanikwepa kila mara. Nifanye nini?

Njia ya Bop imeinama nyuzi 15 na ya Pol nyuzi 4.25, na zote si duara. Usizilenge ukitokea Kerbin. Naswa na Jool kwanza, panda juu, na ukiwa kwenye nukta ya mbali unakokwenda polepole, linganisha mwinamo. Kule juu mwasho huo ni rahisi mara nyingi. Mvuto wa vijiwe hivi ni mdogo sana hivi kwamba kuingia mzingo wake ni kama kufunga dau gatini: unasogea taratibu na kugusa.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuweka setilaiti isiyosogea juu ya sehemu moja ya Laythe?

Huwezi, si Laythe wala mwezi wowote wa Jool. Miezi hii inaionyesha Jool uso mmoja daima, kwa hiyo siku yake ni ndefu sawa na mzunguko wake. Kwa Laythe, mzingo wa namna hiyo ungekuwa kilomita 5,186 kutoka kitovu chake, na mvuto wake unaishia 3,723. Setilaiti ingekuwa tayari mali ya Jool. Unachotaka utakipata kwa mzingo mrefu unaokaa muda mwingi juu ya upande mmoja, au kwa zile rilei tatu.

Kompyuta inakuwa nzito, na umeme wa mtaani hauaminiki. Nifanyeje?

Uzito unatokana na idadi ya vipande vya chombo kilicho mbele yako. Chombo chenye setilaiti tatu kikiwa na vipande 150, mashine ya zamani inakwama, kwa hiyo jenga kila setilaiti kwa vipande kumi na tano au ishirini. Bonyeza F5 kabla ya kila mwasho. Mchezo ukishapakuliwa hauli bando.

Niliacha setilaiti ikizunguka vizuri, nimerudi baada ya miaka haipo. Nani ameigusa?

Mchezo huu unahesabu mvuto wa kitu kimoja kwa wakati, kwa hiyo mzingo hauchakai wenyewe. Kama imepotea, mwezi umeipitia. Kilichozunguka Jool kati ya kilomita 58,000 na 79,000 karibu na ikweta, siku moja kitakutana na Tylo, ambayo itakitupa nje au kukivuta chini. Fungua ramani ya kituo cha ufuatiliaji na utafute setilaiti hiyo ikizunguka Kerbol. Mara nyingi ipo, imetupwa huko, na kama ina RA-100 bado inasikika.